Ningalijua Huja Nyuma: Juu ya Kuyapima Maneno Tuliyotabiri



Wazee wetu walisema kwamba majuto ni mjukuu, mwishowe huja kinyume. Neno hili tumelisikia tangu utoto, na kila mmoja wetu amelitumia kumkaripia mwenzake. Leo nataka tuulizane swali moja tu: mjukuu huyu akiisha kuja, afanyiweje? Afukuzwe mlangoni, au akaribishwe, apewe kiti, aulizwe habari za alikotoka? Yaani, mtu aliyewaambia wenzake yatakayokuja, kisha yasije au yaje mengine, je, ana wajibu wa kuyahifadhi maneno yake na kuyapima, au yamtosha kunyamaza na kungoja yasahauliwe? Nitalijibu swali hili kwa mfano wa kazi moja, nayo ni kazi ya kutabiri tufani.

Kwanza nieleze maana ya kutabiri, maana sisemi habari za kupiga ramli. Mtabiri wa hali ya hewa hupima joto, unyevu, uzito wa hewa na mwendo wa upepo, chini na juu. Huziandika hesabu zake katika ramani. Kisha husema, kwa hali kama hii yaelekea kesho kutakuwa hivi. Kazi yake yafanana na ya tabibu atazamaye dalili za mgonjwa. Wala asidhani mtu kwamba ni kazi ya wasomi wa mbali peke yao. Mvuvi atazamaye wingu kabla ya kushusha ngalawa ni mtabiri. Mkulima ashikaye udongo mkononi na kuuliza kama apande leo au angoje, naye ni mtabiri. Hata baba amwambiaye mwanawe, "Nenda safari yako, mto hautafurika," ametabiri, na uhai wa mtoto umo katika neno lake.

Nchi moja ambayo watu wake wamejifunza jambo hili kwa machozi ni Marekani. Huko, katika mabonde mapana ya katikati ya nchi, hewa yenye joto na unyevu hutoka katika Ghuba ya Mexico ikitambaa chini, na hewa kavu hutoka magharibi ikapita juu yake. Tena juu zaidi kuna baridi, na upepo wa juu huenda kwa kasi na upande usio wa upepo wa chini. Mambo hayo yakikutana, mawingu ya radi hupanda kwa nguvu, na pengine wingu zima huanza kuzunguka. Ndipo hushuka nguzo ya upepo iitwayo tonado. Msomaji asidhani ni kile kisulisuli cha kiangazi kipeperushacho vumbi na majani makavu uwanjani. Tonado kubwa hung'oa nyumba pamoja na sakafu yake. Tarehe 18 Machi 1925 tonado moja ilipita katika majimbo ya Missouri, Illinois na Indiana ikaua watu 695, nao hawakupata onyo lolote.

Mtu wa kwanza kujaribu kwa bidii kutabiri tonado alikuwa askari mmoja aitwaye John Finley, wa idara ya ishara ya jeshi la Marekani, ambayo siku zile ndiyo iliyoshughulika na habari za hewa. Katika mwaka 1884 alitoa tabiri 2803, kila moja ikisema kwamba mahali fulani tonado itatokea au haitatokea. Alipozihesabu aliona ya kwamba tabiri 2708 zilikuwa sawa, yaani zaidi ya 96 katika kila 100. Nani hatamsifu fundi wa namna hiyo?

Lakini mwaka ule ule mtaalamu wa miamba aitwaye Gilbert alizitazama hesabu zile zile akaonyesha jambo la ajabu. Tonado ni kitu cha nadra. Kama Finley angalikaa kitako na kusema kila siku, "Leo hapana tonado," bila kutazama ramani hata moja, angalikuwa sawa mara 2752, yaani zaidi ya 98 katika kila 100. Mvivu angalimshinda mwenye bidii! Je, Finley alikuwa mjinga? La. Maana yule mvivu asingalimwonya mtu hata mmoja, na Finley aliziona tonado 28 kabla hazijaja. Ila katika mara 100 alizosema "itakuja," haikuja mara 72; na mara 23 ilikuja pale aliposema haitakuja.

Msomaji, tafadhali ukae kidogo juu ya hesabu hii, maana ndani yake mna mafundisho mawili. La kwanza: mtu aweza kusema hesabu ya kweli, na bado akajidanganya nayo. La pili ni kubwa zaidi. Gilbert aliweza kumrekebisha Finley kwa sababu moja tu, ya kwamba Finley aliandika. Hakuficha zile 72, wala zile 23. Kama angaliweka yale mema tu na kuyatupa mabaya, asingaliwezekana kusaidiwa na mtu yeyote. Makosa yake yaliyoandikwa yamewafundisha watabiri kwa zaidi ya miaka mia, na hata leo hesabu zake hutolewa kwa wanafunzi wa kazi hiyo. Watu wangapi wenye sifa kuu wameacha urithi wenye faida kama hiyo?

Baada ya Finley walikuja wakubwa walioona heri kunyamaza. Kwa miaka mingi watabiri wa serikali walikatazwa kulitumia neno tonado katika tabiri zao, kwa kuogopa kwamba watu watafadhaika. Hivyo maarifa yalilala. Yaliamshwa na msiba.

Tarehe 20 Machi 1948, kama saa nne usiku, tonado ilipiga kituo cha ndege za jeshi kiitwacho Tinker, karibu na mji wa Oklahoma City. Watabiri wa kituo walikuwa wametabiri upepo, wala si tonado. Ndege nyingi zilivunjika, na hasara ilipita dola milioni 10. Mkubwa wa kituo aliwaagiza maofisa wawili, Fawbush na Miller, wachunguze kama jambo hili laweza kujulikana mapema. Wangaliweza kujitetea, wakasema kwamba upepo hauna mwenyewe. Lakini walifanya kazi ya unyenyekevu: walizitoa ramani za siku zilizopita ambazo tonado zilitokea, wakazilinganisha moja moja, wakitafuta ni mambo gani yaliyokutana kila mara kabla ya msiba.

Siku tano tu baada ya msiba ule, tarehe 25 Machi, waliitazama ramani ya siku ile wakaona yafanana sana na ya tarehe 20. Nafasi ya tonado kurudi mahali pale pale kwa muda mfupi vile ilikuwa ndogo mno, nao waliogopa kuchekwa. Hata hivyo, karibu na saa tisa alasiri, onyo lilitolewa. Ndege ziliingizwa mabandani, watu wakakaa mahali pa salama. Kama saa kumi na mbili jioni tonado ikapiga kituo kile kile. Hasara ilikuwako, kama dola milioni 6, lakini ilipungua sana, wala hakuna aliyekufa. Basi yale makaratasi ya zamani, ambayo mwingine angaliyaita takataka, ndiyo yaliyowapa macho.

Siku hizi Marekani ina ofisi maalum ya kutabiri tufani kali, iliyoko katika mji wa Norman, jimbo la Oklahoma. Kila siku ofisi hiyo hutoa taarifa zake, na taarifa za miaka iliyopita zimehifadhiwa katika intaneti pamoja na habari za yale yaliyotokea hasa. Mtu yeyote apendaye kujifunza aweza kuzifungua. Basi nitaeleza jinsi ya kujifunza kwazo, maana hapa ndipo swali letu la tabia linapoingia.

Mwanafunzi huchagua siku ya zamani, naye hutazama vipimo vya asubuhi ya siku ile tu. Yaliyotokea jioni huyafunika, kama mwalimu afunikavyo majibu ya hesabu. Kisha huandika utabiri wake kwa wino, na kuuwekea kiasi: kwa mfano, "Nadhani nafasi ya tufani kali hapa ni 15 katika 100." Akiisha, husoma waliyoandika mabingwa siku ile, alinganishe sababu zao na zake. Mwisho kabisa hufunua yaliyotokea. Huandika palipotofautiana, na sababu yake kama aijua. Kesho yake hufanya tena kwa siku nyingine.

Kwa nini afunike? Kwa sababu ya ugonjwa mmoja wa moyo wa binadamu ambao hakuna aliyepona nao. Katika mwaka 1975 mtaalamu aitwaye Fischhoff na mwenzake walichapa habari za uchunguzi wao. Waliwauliza wanafunzi, kabla ya safari za Rais Nixon kwenda China na Urusi katika 1972, wanadhani mambo gani yatatokea. Safari zilipokwisha, waliwaomba wakumbuke waliyojibu. Ikaonekana kwamba wengi walikumbuka kana kwamba waliyategemea zaidi yale yaliyotokea, kuliko walivyoandika kweli. Hawakukusudia kusema uongo. Moyo wenyewe ulikuwa umewabadilishia daftari lao la ndani. Hii ndiyo sababu kila mtu baada ya jambo husema, "Hata mimi nalijua." Asiyeyafunika majibu hujifunza kitu kimoja tu, nacho ni kujisifu.

Tena kwa nini aandike kiasi, asiseme tu "itakuja" au "haitakuja"? Kwa sababu neno lisilo na kiasi halishikiki. Mtu akisema, "Huenda mvua ikanyesha," atakuwa sawa ikinyesha, na atakuwa sawa isiponyesha. Sisi nasi tuna desturi ya kumaliza maneno yetu kwa kusema, "Mungu akipenda." Neno hilo ni jema likitoka katika unyenyekevu, lakini tusilifanye kuwa mlango wa nyuma wa kutorokea, tulioufungua kabla ya kuingia nyumbani. Aliyesema 15 katika 100 aweza kupimwa: si kwa siku moja, maana siku moja haithibitishi kitu, bali kwa kukusanya siku zote alizosema 15, na kuhesabu kama tufani ilikuja karibu na mara 15 katika kila 100. Ndiyo maana kumbukumbu za siku nyingi zahitajika.

Kuna hatari nyingine ambayo mwanafunzi lazima ajihadhari nayo. Atapenda kuzifungua siku za misiba mikuu peke yake, kwa kuwa ndizo zenye habari. Akifanya hivyo atajizoeza kuona tonado katika kila wingu. Hana budi kuzifungua pia siku ambazo dalili zilikuwa zile zile na pasitokee kitu, na siku ambazo mabingwa wenyewe walikosea. Mathalan, tarehe 3 Mei 1999 taarifa ya asubuhi juu ya Oklahoma ilisema hatari ni ndogo. Adhuhuri ilipokaribia wakaipandisha. Karibu na saa kumi alasiri wakaipandisha tena mpaka ngazi ya juu kabisa. Jioni ile tonado kubwa ilipita katika mji wa Moore, na watu 36 waliuawa nayo. Somo la siku ile ni kwamba mabingwa hawakuona aibu kuyageuza maneno yao ya asubuhi walipoona dalili mpya. Lakini tarehe 20 Mei 2019 ngazi ile ile ya juu ilitangazwa, na shule nyingi zikafungwa. Tonado zilikuwako, ila msiba mkuu uliohofiwa haukuja. Siku hizo mbili zakaa katika hifadhi moja, wala hakuna aliyeifuta ya pili.

Sasa yafaa tuyasikilize mashauri ya wapingao.

Wengine husema, "Anayeonyesha makosa yake hupoteza heshima, na watu hawatamsikiliza tena." Nami nakiri kwamba jambo hili lina uzito, hasa kwetu walimu. Lakini tutazame ni heshima gani ipoteayo. Watu wa kijiji hawakusahau tulilosema. Wao ndio waliopanda, wao ndio waliolowa. Anayesahau ni sisi. Heshima itegemeayo usahaulifu wa wengine ni kama nyumba iliyokopwa. Mwenyewe aweza kuidai siku yoyote.

Wengine husema, "Heri kuonya kila siku. Tufani isipokuja, hakuna aliyeumia." Si kweli. Tarehe 22 Mei 2011 tonado iliua watu 158 katika mji wa Joplin, jimbo la Missouri. Ving'ora vililia kabla haijafika. Lakini uchunguzi wa serikali ulionyesha kwamba wengi hawakukimbilia mahali pa salama mara waliposikia. Walingoja kwanza waone dalili nyingine kwa macho yao. Wakati ule katika nchi ile, kama maonyo 3 katika kila 4 ya tonado hayakufuatwa na tonado. Mchungaji wa mbuzi aliyepiga kelele za chui kila jioni huwazoeza watu kulala. Basi kuonya ovyo nako ni deni, na hulipwa na mtu mwingine.

Wengine tena husema, "Kufukua makosa ya wenzetu wa zamani ni kuwasengenya." Ni kweli, ikiwa tumewafungulia majibu na kuwacheka. Lakini atakayeandika utabiri wake kwanza, majibu yakiwa yamefunikwa, ataona jinsi wingu lilivyokuwa zito siku ile. Mara nyingi atakosea zaidi yao. Hapo ndipo kicheko kitakapomtoka, na shukrani ikaingia.

Nisiseme habari za mbali tu. Hapa shuleni tuna chombo cha kupimia mvua, na daftari ninaloandika kila asubuhi. Mwaka mmoja, mwanzo wa vuli, mzee jirani yangu alinijia akaniuliza, "Mwalimu, nipande?" Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Nikamwambia, "Panda, Baba, vuli imefika." Akapanda mbegu yake yote ya mahindi. Baada yake jua likawaka wiki tatu, na miche ikakauka.

Watu walipozungumza habari hizo barazani, nalisema kwamba nalimwonya mzee kuwa mvua huenda ikakatika. Nalisema hivyo kwa moyo mweupe, maana ndivyo nilivyokumbuka. Siku moja, nikitafuta hesabu nyingine, nilifungua daftari nikakuta mwandiko wangu mwenyewe: "Vuli imeanza, hapana shaka. Nimemwambia jirani apande." Nalikaa na kurasa ile kwa muda mrefu. Nikaona kwamba naliweza kuichana, wala hakuna mtu ambaye angalijua. Jioni nikaichukua nikaenda nayo kwa mzee, nikamsomea.

Hakukasirika kama nilivyodhani. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mbegu imekwisha kufa, nawe huwezi kuifufua. Lakini niambie hivi: mara ngapi umesema 'imefika,' na mara ngapi ikawa imefika kweli?" Sikuwa na jibu. Tukakaa mimi naye katika taa, tukafungua kurasa za nyuma, za miaka yote ya daftari lile, tukahesabu. Hazikufika nusu. Mimi niliyedhaniwa kuwa mjuzi wa mvua, nalikuwa nikisema "hapana shaka" juu ya jambo ambalo daftari langu mwenyewe lilikuwa likilitilia shaka kwa miaka.

Vuli iliyofuata mzee alikuja tena. Sikumwambia panda wala usipande. Nalimwambia, "Baba, kwa mwanzo kama huu, mara nyingine imeendelea, na mara nyingi kidogo kuliko hizo imekatika." Akafikiri, akapanda nusu ya shamba, akaiweka nusu ya mbegu darini. Mvua ilipokatika tena, alikuwa na ya kupanda.

Basi jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili. Anayewaambia wenzake yatakayokuja amechukua amana, kwa maana wao watatenda kwa neno lake. Mwenye amana hana ruhusa ya kuyaacha maneno yake yapotee, wala kuyaacha mikononi mwa kumbukumbu yake, ambayo humpendelea bwana wake. Kukosea si hatia. Hata mabingwa wenye vyombo vingi hukosea. Hatia ni kukosea mara ya pili kwa sababu tuliificha ya kwanza.

Wenzangu walimu, na ninyi wakulima na wavuvi mjuao kuandika, daftari moja na kalamu vyatosha. Andikeni asubuhi mnalolidhani, pamoja na kiasi cha hakika yenu. Andikeni jioni lililotokea. Msichane kurasa. Na mwisho wa mwaka mketi nalo pamoja na mtu aliyepata hasara kwa neno lenu, mhesabu pamoja naye.